Datsun 240Z kwenye barabara za Kusini: shajara ya mradi, Mtwara

Agosti 2023. Gari limefika

Gari limeshushwa gereji, Chikongola, na daftari la kazi linaanza leo. Ni Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ya usukani wa kulia. Namba ya chesisi inaanza na HS30, na injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, L24: silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Limekaa miaka mingi kwenye ghala Lindi mjini. Marehemu aliyekuwa nalo alilifunga kwa mtindo wa mashindano: sahani nene ya chuma chini ya injini, kizimba cha mabomba ndani, vishikio vya taa nne mbele. Si gari la timu ya kiwanda, na sitaki mtu alipambe kwa historia isiyo yake. Ni gari la mtu wa Kusini aliyeyaona magari ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, akatamani na lake liwe vile.

Watu wanauliza kama tutalipeleka kwenye maonyesho. Hapana. Lengo ni liendeshwe: Mtwara hadi Lindi, Mnazi Mmoja hadi Masasi, Newala kwa juu, kwenye barabara hizihizi za malori, bodaboda, mbuzi na watoto wa shule. Gari la aina hii lilipata jina lake kwenye barabara za namna hiyo. Safari ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa anakimbizana na saa alikutana na basi la abiria, ng'ombe wanaovuka na baiskeli ya mtu aliyebeba mkaa. Ndiyo sababu magari yale yalikuwa na bampa la mabomba mbele, honi kali na taa nyingi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na wa pili wakawa Shekhar Mehta na Mike Doughty kwenye 240Z nyingine. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, safari hiyo akiwa na Lofty Drews. Pointi za adhabu zikalingana na za Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue.

Fundi mkuu wa mradi huu gereji nzima inamwita Babu. Kazi aliisomea Dar es Salaam, kwenye gereji za Peugeot, kipindi ambacho watu bado walikuwa wanamzungumzia Bert Shankland, dereva wa pale Dar aliyechukua Safari ya 1966 na ya 1967 na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Nilipompa shikamoo na kumwonyesha gari, aliitikia marahaba huku tayari ameinama chini ya mlango. Akazunguka kimya, kisha akasema: "Mwanangu, hili si gari la uwanjani. Hili lilikuwa linaovateki basi la Moshi. Tukilifunga, tunalifunga kwa ajili ya hilo basi."

Kauli hiyo nimeiandika ukutani kwa chaki. Tutaanza na kusimama, kuonekana na kutochemsha. Nguvu za injini zitasubiri.

Oktoba 2023. Kutu

Miezi hii yote imekuwa ya bodi. Lindi na Mtwara ni pwani, na ghala lile lilikuwa karibu na maji. Kutu imekula pale inapokula 240Z zote: chini ya kikalio cha betri, sakafu pande zote mbili, mikanda ya chuma iliyo chini ya milango, na kuzunguka taa za nyuma. Ukiweka gari la zamani karibu na bahari bila kulifungua, unaliona zima kwa juu huku chini halipo.

Fundi bodi ni kijana wa Magomeni, na namna yake ya kukagua imenifundisha jambo. Hakutumia macho. Alishika nyundo ndogo na chaki, akalala chini ya gari, akaanza kugonga kidogokidogo kutoka mbele kwenda nyuma huku sikio limeelekea kwenye bati. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti nzito, ya kufa. Kila penye sauti ya kufa aliweka alama. Alipomaliza, upande wa abiria ulikuwa mweupe kwa chaki kuanzia miguuni hadi nyuma ya kiti, na sehemu mojawapo, alipochokonoa, ilitoka puti ya unene wa kidole, na nyuma yake hakuna kitu.

Makubaliano yetu: puti haishiki nafasi ya chuma popote. Kila penye alama panakatwa hadi kufikia chuma kizima, na kinachomelewa bati la geji 18. Miguu ya kizimba ilikuwa imechomelewa juu ya sakafu iliyooza, kwa hiyo tumeikata na kuikalisha kwenye sahani mpya zilizoshikwa na nguzo za bodi. Kizimba kilichosimama juu ya kutu kinamdanganya aliyekaa ndani.

Ndani ya mikanda ya milango tumemwaga rangi ya kuzuia kutu, kisha oili nzito, na matundu ya kutolea maji tumeyazibua yote.

Januari 2024. Injini

Injini imefunguliwa. Silinda zilikuwa zimelika, tukazipiga boringi na kuweka pistoni kubwa za saizi ya kwanza. Krenki ilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea. Spea za ndani hazikusumbua kama watu wanavyofikiri, kwa sababu ukoo wa injini za L ulifungwa kwenye Datsun za aina nyingi. Cheni, sili na gasketi vinapatikana Dar ukiwa na subira na ukijua kueleza. Kinachosumbua ni vitu vya bodi: raba za vioo, vitasa, lenzi za taa.

Viti vya valvu za ekzosi tumeweka vya chuma kigumu. Injini hii ilizaliwa wakati wa petroli yenye risasi, nasi tuliachana nayo katikati ya miaka ya 2000. Risasi ilikuwa inavilinda viti vile. Kwa gari linalowashwa mara moja kwa mwezi pengine usingejali. Kwa gari la kupanda nalo Newala, utajali.

Kuseti valvu ndiyo kazi niliyoomba nifanye mwenyewe, Babu akiwa pembeni. L24 inasetiwa ikiwa ya moto, na nafasi ya valvu ni milimita 0.25 upande wa kuingiza, 0.30 upande wa ekzosi. Tuliiwasha hadi mshale wa joto ukatulia, tukazima, tukafungua kifuniko haraka. Unafuata mpangilio wa silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, ukizungusha krenki kwa spana. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ikipita bila kugusa, Babu anatikisa kichwa. Ikikwama, anatikisa kichwa. Inatakiwa ipite huku inashikwa. Alichukua mkono wangu na geji yake ndani, akaivuta polepole, akasema, "Hapo. Ukisahau namba, mkono usisahau." Vidole viliungua, lakini baada ya silinda ya tatu nilikuwa sihitaji kumwangalia usoni.

Nimepata pia ofa ya kabureta tatu zile kubwa za mashindano. Magari ya kiwanda yalizitumia, na mlio wake unajulikana. Nimekataa. Kabureta za namna ile zinapumua vizuri injini ikizunguka kwa kasi. Katikati ya Mpapura, nyuma ya bajaji, kwa kilometa 30 kwa saa, zinakohoa na kulowesha plagi. Kabureta mbili za asili, zikisetiwa sawasawa, zinakwenda kijijini bila kelele na bado zina pumzi mlimani. Kuna wenzetu hawatakubaliana nami hapa, na nawaelewa, lakini wao hawaendi kununua samaki na gari lao.

Mei 2024. Hidaya

Kimbunga Hidaya kimepiga pwani mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakasimama. Kifurushi chetu cha raba za breki kilikuwa njiani. Hilo ni dogo mno mbele ya waliopoteza nyumba na mashamba, kwa hiyo sitaandika zaidi, ila gereji ilisimama na vijana walikwenda kusaidia kuezua na kuezeka.

Julai 2024. Breki

Mbele diski, nyuma drami, masta silinda ya vyumba viwili na kisaidizi cha nguvu. Kwa gari la miaka ile ni mfumo mzuri, mradi kila raba ndani yake iwe mpya. Tumebadilisha zote. Paipu za chuma tumezitoa kuanzia mbele hadi nyuma, ingawa baadhi zilionekana safi kwa nje. Tulipokata mojawapo kwa urefu, ndani ilikuwa na madoa ya kutu.

Sababu inajulikana na bado watu wanaipuuza. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mtwara ni ya unyevu mwaka mzima. Maji yakishaingia, mafuta yanachemka mapema. Ukiteremka mlima mrefu, breki zikapata moto, mvuke unajitengeneza ndani ya paipu na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Kwenye gari la kukaa kwenye turubai, mafuta yanazeeka vilevile hata kama kilometa hazisogei. Tumejaza DOT 4 mpya na kuandika tarehe kwenye kifuniko cha chupa. Yatamwagwa kila mwaka, liwe limetembea au halijatembea.

Shokapu, bushi, tairodi na beringi za magurudumu: vyote vipya. Springi tumeacha za urefu ule wa mwenye gari wa kwanza, juu kidogo kuliko za kiwanda. Matuta ya Mikindani hayajui kama wewe ni gari la michezo.

Septemba 2024. Umeme na kuonekana

Huu ndio ukurasa ninaotaka wenye magari ya aina hii wausome kwa makini.

Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi iliyo kwenye usukani. Hakuna rilei, yaani swichi ya umeme ya kuibebea mzigo. Swichi imebeba mzigo huo tangu mwanzo wa miaka ya sabini, na ya kwetu plastiki ilikuwa imeshaanza kuyeyuka karibu na waya mwekundu. Fundi umeme amefunga rilei mbili, moja ya taa ndefu na moja ya fupi, kila moja na fyuzi yake, zikivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye alteneta. Swichi sasa inatoa amri tu. Taa zimeng'aa kiasi kwamba tulidhani tumefunga balbu nyingine.

Gari hili halifiki mita 1.3 kwenda juu. Dereva wa lori lililobeba makaa ya mawe kwenda bandarini anakaa juu kiasi kwamba ukiwa ubavuni mwake hayupo mtu anayekuona. Mwenye pikipiki, akiangalia nyuma kwa kioo kidogo kilichopinda, anaona barabara tupu. Kwa hiyo taa za mbele zitawaka mchana na usiku. Taa za breki za asili ni dhaifu kwa jua la huku. Tumeongeza nyingine ndani ya kioo cha nyuma, juu, usawa wa macho ya anayefuata. Honi tumeweka mbili. Mikanda ya viti ni mipya, ya pointi tatu, na viti vimefungwa upya kwenye sakafu mpya.

Boneti imepakwa nyeusi isiyong'aa, na bodi nyekundu, kama magari ya kiwanda. Rangi ile nyeusi ina kazi: boneti ni ndefu, na jua la jioni likiipiga, mwanga unarudi moja kwa moja machoni mwa dereva.

Novemba 2024. Makaratasi na tairi

Umiliki umebadilishwa TRA, kadi imetoka, mkaguzi wa magari wa polisi amelikagua na kuridhika. Bima kubwa kampuni moja ilikataa kwa kuwa hawajui thamani yake. Nyingine ilikubali baada ya kuona picha za kila hatua ya kazi. Wekeni picha.

Tairi. Gari lilikuja na tairi zenye kashata nzuri, na watu waliniambia niziache. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zetu zilikuwa na tarakimu tatu tu, maana yake ni za kabla ya mwaka 2000. Zimekatwa ili asizichukue mtu mwingine. Tumefunga 195/70 za rimu 14. Zile 195R14 za Hiace zipo kila duka, lakini ni za kubebea mizigo, ubavu wake ni mgumu, na gari jepesi namna hii linadunda juu yake.

Kuhusu tairi na barabara ya umma, niweke jambo moja hapa, kwa sababu vijana wanauliza kama tutapimana mbio na magari mengine njia ya Lindi. Kule Italia kulikuwa na Mille Miglia, kutoka Brescia kwenda Roma na kurudi, kama kilometa 1,600 za barabara za kawaida, kuanzia 1927. Mwaka 1955 Stirling Moss, akisomewa njia na Denis Jenkinson kutoka kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa, aliimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48 kwenye Mercedes-Benz 300 SLR. Mpaka leo wapenzi wa magari wanaitaja kwa heshima, nami naitaja. Lakini tarehe 12 Mei 1957, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka gari likiwa kwenye kasi kubwa. Alikufa yeye, akafa msaidizi wake Edmund Nelson, wakafa watazamaji tisa waliokuwa pembeni ya barabara, watano wao watoto. Mashindano yale ya kasi yakaishia hapo. Yanayoitwa Mille Miglia siku hizi, tangu 1977, ni ya kutunza muda kwa magari ya zamani, wakiheshimu sheria za barabarani.

Watoto wetu wanatembea kandokando ya lami kwenda shule, kila asubuhi, kila kijiji. Hakuna atakayepimana mbio na gari hili.

Desemba 2024. Mikindani

Alfajiri, baada ya swala, tulilitoa. Shangani, Ligula, kisha barabara ya Mikindani, Babu kiti cha kushoto na tochi mkononi kwa ajili ya kuangalia chini ya dashibodi. Ni kama kilometa 10, na nilizihisi zote.

Usukani hauna msaada wa nguvu. Ukiwa umesimama ni mzito. Likishatembea unakuwa mwepesi, na kila kokoto unalijua kwa vidole. Unakaa nyuma sana, karibu na tairi za nyuma, na boneti yote iko mbele yako. Kwenye njia panda hilo ni tatizo la kweli: pua inaingia barabarani kabla macho yako hayajaona kinachokuja. Pale Mikindani, barabara inapozunguka ghuba na nyumba za kale zimesogea karibu, Babu alikuwa anachungulia kwa upande wake na kusema "njoo" au "tulia". Kwenye Safari msaidizi alisoma njia. Kwa barabara zetu msaidizi anahitajika hivyohivyo, hata kwa mwendo wa bajaji.

Jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: gari lenyewe linavuta hatari. Bodaboda anaona, anageuza, anakuja ubavuni na simu mkono mmoja anarekodi, abiria nyuma amesimama kwenye vikanyagio. Ukiongeza mwendo kumwacha, naye anaongeza. Huu ni msimu wa korosho, pesa zimetoka, na pikipiki mpya ni nyingi zenye madereva wapya. Tumeweka utaratibu: ukifuatwa, unapunguza, unawasha indiketa, unasimama pembeni, unazima. Watu wanaangalia, wanapiga picha, wanauliza, dakika tano zinatosha. Kisha kila mtu anakwenda zake, na hakuna anayekufuata tena.

Februari 2025. Lindi, na petroli inayochemka

Tumekwenda Lindi. Zaidi kidogo ya kilometa 100, na joto la Februari.

Kipande cha wazi, gari likiwa kilometa 80 kwa saa gia ya juu, ni raha ambayo siwezi kuipunguza kwa maneno. Injini haipigi kelele, inavuma. Linakaa barabarani limetulia, na kila kona ya taratibu unaiona inakuja na unajua hasa lini uachie na lini ukanyage. Dereva wa basi alitupisha na kupunga mkono dirishani.

Tabu ilianza Mnazi Mmoja. Matuta, kusimama, kununua maji, kuzima. Kuwasha tena, stata inazunguka na injini haishiki. Ikishika, inamisi, inakosa nguvu, inazima. Baada ya nusu saa chini ya mwembe, ikawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Babu hakusumbuka na plagi. Alifungua kifuniko cha kabureta ya mbele na kuniambia nisikilize: petroli ilikuwa inatokota. Kwenye injini ya L, kabureta na ekzosi viko upande mmoja, ekzosi iko chini, kabureta juu. Gari likitembea, upepo unapooza. Ukilizima likiwa la moto, joto lote linapanda kwenye bakuli za petroli, na ndani ya paipu panakuwa na mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma.

Tulirudi jioni, hewa ikiwa imepoa, bila shida. Kisha tukafanya haya. Fundi wa masufuria pale sokoni alitukatia sahani ya alumini ya kukaa katikati ya ekzosi na kabureta, na kuikunja kwa mkono hadi ikakaa bila kugusa popote. Chini ya kabureta tumeongeza vipande vinene visivyopitisha joto. Paipu za petroli tumezivisha koti la kuzuia joto. Na kubwa kuliko yote: paipu inayorudisha petroli kwenye tangi ilikuwa imezibwa na uchafu wa miaka ya ghalani. Imezibuliwa. Sasa petroli inazunguka muda wote badala ya kukaa mahali pamoja ikipikwa. Tumelisimamisha juani saa nane mchana, tukalizima, tukaliwasha baada ya robo saa. Limewaka kwa mguso wa kwanza, na tumerudia mchana mwingine, na mwingine.

Juni 2025. Newala na Masasi

Masika yameisha, kumepoa, barabara imekauka. Tulipita juu: Mtwara hadi Mnivata kwa lami, halafu maeneo ambayo kazi ya lami inaendelea, Tandahimba, Newala. Kwenye vumbi ndipo nilipolielewa gari hili. Kwenye lami ni gari zuri la zamani. Kwenye mchanga ule mwekundu wa uwanda wa Makonde, kwa kilometa 40 au 50 tu kwa saa, nyuma inacheza kidogo na kurudi yenyewe, springi zinameza mashimo, na sahani ya chuma chini inagongwa na mawe bila mtu kushtuka. Nikafikiria waliokaa humu usiku na mchana, mwendo mara tatu ya huo, basi likija mbele.

Newala tulikula ugali na kisamvu, watu wakalizunguka gari. Mzee mmoja aliweka kiganja juu ya boneti, akatuambia aliwahi kuendesha lori la chama cha ushirika enzi hizo, na akataka kujua kitu kimoja tu: linashuka vipi. Ndilo lilikuwa swali letu pia.

Kutoka Newala kwenda Masasi unauacha uwanda na kuteremka. Tulisimama juu, tukasubiri breki zipoe kabisa, tukaanza kwa gia ya pili. Injini inashika, breki inaguswa na kuachiwa, inaguswa na kuachiwa, hakuna kuikalia. Lori lilikuwa nyuma yetu. Tulimwashia indiketa apite kwenye eneo pana, akapita. Pedali haikubadilika kutoka juu hadi chini. Tulipofika tambarare, Babu alishuka na kusogeza mkono karibu na kila rimu. Mbele joto la kawaida. Nyuma kulia kulikuwa na moto zaidi ya kushoto.

Tuliliacha lipoe Masasi, chini ya yale majabali, tukarudi kwa Ndanda na Mtama kwa mwendo wa pole, tukipimapima. Limefika Mtwara usiku, taa zikifanya kazi yake.

Julai 2025. Kazi inayofuata

Drami ya nyuma kulia imefunguliwa: silinda ya gurudumu inarudi kwa uzito na breki shuu imekuwa ikigusa muda wote. Silinda mpya imeagizwa, na tutabadilisha zote mbili ili pande zilingane. Gia ya tatu inakwaruza ukiiingiza haraka. Gia boksi itashushwa baada ya hapo. Fundi umeme anataka kuisogeza swichi ya honi ifikike bila kuachia usukani, na nimemkubalia.

Kijana wa Magomeni ameanza kujifunza kukaa kiti cha kushoto, maana Babu amesema goti lake halitaki tena kuingia kwenye gari la chini namna hii kila wiki. Breki zikikamilika tutakwenda naye Mikindani alfajiri, na yeye ndiye atakayesema "njoo" na "tulia".